Neno la Mzunguko wa Mwisho

Nilijua kwa pini.

Kazi ya meneja wa timu katika klabu yetu ya riadha ni ya kujitolea, na sehemu kubwa yake ni pini. Namba ya kifuani hushikwa na pini nne, moja kila pembe, na kwetu hakuna mwanariadha anayejifunga mwenyewe wala anayejifungua. Meneja hufunga kabla ya mbio na kufungua baada ya mbio. Sikuianzisha mimi desturi hiyo, niliikuta. Uzuri wake ni kwamba mtu analazimika kusimama mbele yako kimya, mikono imeshuka, nawe unasikia anavyopumua.

Siku hiyo nilipomgusa Njiti ubavu wa kushoto, alivuta pumzi kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimejigonga mlangoni, Shangazi."

"Mlango wenu una ngumi?"

Akacheka, kisha akaacha, kwa sababu kucheka kulimuuma.

Wote klabuni waliniita Shangazi. Nilikuja kumsindikiza mpwa wangu aliyekuwa akiruka viunzi. Mpwa akaolewa, akahamia mbali, mimi nikabaki kama mwavuli uliosahauliwa. Kwa riziki yangu mimi ni fundi wa makochi. Ufundi niliupata kwa kufumua makochi mabovu na kutazama waliotangulia walishonaje, na umeneja nikaupata vivyo hivyo.

Njiti alikuwa mkimbiaji wa mita elfu tatu. Jina alipewa kwa wembamba, na kwa tabia yake ya kuwaka mapema na kuzimika kabla ya mstari. Mrusha tufe wetu, mama mmoja mpakuzi wa magunia sokoni ambaye tulimwita Gunia mwenyewe akisikia, alipenda kumchokoza.

"Huyu ukimkung'uta, Shangazi, inadondoka mifupa mitupu."

"Na wewe ukikung'utwa," Njiti alijibu, "tutapata unga wa mtaa mzima."

Kwa ajili ya kuwaka mapema nilimtengenezea maneno mawili. Nilisimama daima mahali pamoja, mwanzo wa kona ya mwisho, karibu na shimo la mchanga la kurukia. Kila akinipita nilimwambia, "Tulia." Kengele ya mzunguko wa mwisho ikishalia na akafika kwangu tena, hapo ndipo nilisema, "Sasa." Kabla ya hapo alikatazwa kuongeza hata hatua. Alisema akichoka hasikii watu wala haoni jukwaa, anasikia neno tu.

Mumewe aliyajua maneno hayo. Timu nzima ilimwita Shemeji. Alikuwa mkimbiaji wetu mpaka goti lilipomharibikia, na baada ya hapo alisimama nami pale konani msimu mzima akibeba maji. Nilimpenda. Alikuwa akinisaidia kukunja trakisuti, tena akikunja vizuri kuliko mimi. Siwezi kusema aligeuka lini. Huenda hakugeuka, na mimi nilikuwa nikitazama goti lake tu.

Baada ya ubavu yakaja mengine. Sikio lililovimba. Alama ya pasi juu ya paja, pembe yake imechorwa sawasawa kama kwa rula. Nywele zilizonyofolewa nyuma ya kichwa, akazifunika kwa kitambaa. Nilimshauri aende polisi, akaenda, akarudishwa nyumbani na askari aliyesoma na Shemeji. Wiki hiyo hakuja mazoezini.

Ndipo ikatangazwa mchujo. Shirika la reli la mji mwingine lilikuwa likitafuta wakimbiaji wawili wa mita elfu tatu wanawake. Wawili wa kwanza wangepewa kazi na kitanda katika bweni lao, na basi lao lingeondoka nao uwanjani jioni ile ile.

"Nikiwa ndani ya wawili, Shangazi, sirudi," Njiti aliniambia. "Napanda na jasho langu hivi hivi."

"Na usipokuwa?"

"Ataniua. Si kwamba nakuza maneno. Ameshanionyesha ataanzia wapi." Akagusa koo.

Akaanza kuleta nguo zake karakanani kwangu, moja moja, amezivaa chini ya trakisuti. Nilikuwa na kochi la watu watatu lililosubiri kitambaa. Nikazipanga nguo ndani ya tumbo lake, chini ya springi, nikafunika kwa gunia na kupigilia. Siku moja kabla ya mchujo wanariadha walilala pamoja kwenye darasa la shule iliyo karibu na uwanja, kama tulivyofanya kila mashindano. Usiku ule Njiti alilala mahali ambapo mumewe hawezi kufika. Nadhani ndicho kilichomtia wazimu yule bwana, hicho na kabati lililobaki tupu.

Asubuhi nilikwenda karakanani kuchukua mfuko wa timu. Nilikuta mlango wazi na sponji imetapakaa sakafuni hadi barabarani. Shemeji alikuwa katikati ya karakana na kisu changu cha kukatia sponji. Makochi yote yalikuwa yamepasuliwa, migongo, viti, mikono. La watu watatu alikuwa amelilaza chali. Nguo za Njiti alizikusanya kifungu mezani, amezikunja vizuri.

"Shikamoo, Shangazi," alisema.

Nilikuwa nikitazama kisu.

"Nimekuamkia."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Hizi ni za mke wangu." Akaliinua gauni moja, akalipasua kutoka shingoni hadi chini kwa kisu, taratibu, kama mtu anayefungua barua. Kisha la pili. "Nataka ile kadi yako ya kuingilia uwanjani."

Kadi ya meneja ilikuwa shingoni kwangu, ndani ya blauzi. Nikaikamata kwa mkono wa kulia. Sikufikiria, mkono ulikwenda wenyewe. Akanishika kifundo, akaulaza mkono wangu juu ya meza ya kazi, ngumi bado imefumbata kadi, akatazama huku na huku, akachukua nyundo yangu.

"Fumbua, Shangazi. Nakuheshimu."

"Ukimwacha akimbie leo—"

Akapiga. Kidole cha kati na cha pete vilivunjika kwa pamoja, na sauti yake niliijua: ni ile ya ubao mkavu wa kochi ukiachana na gundi. Akapiga tena, juu ya viungo. Nilisikia mtu analia na nilikuwa mimi. Ngumi ikafumbuka. Akachukua kadi, akaifuta damu kwenye gauni, akaivaa.

"Nilikubebea maji," alisema mlangoni. Alikuwa na machozi. "Nilikuamini kama mama."

Niliokota kipande cha kitambaa cha kochi sakafuni. Nikauzungushia mkono wa kulia, nikauingiza mfukoni mwa jaketi, nikabeba mfuko wa timu begani. Viatu vya misumari vilikuwa ndani, na namba, na pini. Bila mfuko ule hakuna ambaye angekimbia.

Mlinzi wa geti alinipitisha bila kadi kwa sababu ananijua. Nikamwambia kuna mtu ameingia kwa kadi yangu, ana kisu, anamtaka mke wake.

"Kisu tutamwuliza," mlinzi alisema. "Lakini mke wake? Hayo ni ya nyumbani, mama."

Kwa kweli walimtafuta na kumpata, wakamnyang'anya kisu. Kadi wakamwachia kwa kuwa kadi ilikuwa halali.

Kocha nilimwonyesha mkono nyuma ya choo. Akageuza uso, kisha akajilazimisha kutazama tena.

"Njiti anajua?"

"Hajui."

"Akijua hatakimbia."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

"Basi asijue. Nitamwambia Gunia akae karibu na kona." Akanipokea mfuko wa timu. "Shangazi, nenda hospitali."

"Nani atamfunga namba?"

Njiti alikuja akasimama mbele yangu, mikono chini. Nilifunga kwa mkono wa kushoto, pini nikizishika kwa meno. Nilimchoma mara mbili naye hakulalamika. Nilikuwa natoka jasho.

"Leo umekuwa wa kushoto?"

"Jana nyundo ilinikosa msumari ikanipata mimi."

Akanitazama. Ni mtu aliyejigonga milango mingi. Uongo wa namna hiyo anaujua rangi. Lakini wito wa mita elfu tatu ulitoka, na akauchukua uongo wangu kama ulivyo, akaenda.

Pini nne nilizokuwa nazo za ziada nilizichomeka kwenye kola ya jaketi, nikaenda kwenye kona yangu.

Bastola ya kuanzia ikalia. Walikimbia kundi moja, na Njiti alikaa wa nne, nyuma ya mabega ya wenzake, kama tulivyopanga. Mizunguko ya mwanzo alinipita na kila mara nilisema, "Tulia," naye alinyanyua kidole kimoja kuonyesha amesikia. Ng'ambo ya shimo la mchanga Gunia alikuwa akijipasha moto, tufe limo kiganjani, na macho yake yalikuwa kwetu. Kisha akaitwa kutupa, akaenda. Hakuwa na jinsi.

Shemeji alitokea wakati huo. Alisimama kando ya njia hatua chache kabla yangu, mahali ambapo Njiti angemfikia kwanza. Kadi yangu ilining'inia kifuani mwake. Ilikuwa imebaki mizunguko mitatu. Njiti alipokaribia, mumewe aliinama mbele, akaweka mikono mdomoni.

"Sasa!"

Njiti akaruka. Baadaye aliniambia hakuhesabu mizunguko wala hakuwaza. Nyumbani sauti ile ikiamuru mwili hutangulia, akili hufuata nyuma ikiomba msamaha. Akawapita wote watatu ndani ya kona moja. Jukwaa likashangilia. Wale watatu wakatazamana, wakamwacha aende, kwani walijua njiti huisha vipi.

"Unaona?" Shemeji aliniambia, kwa upole kabisa. "Atarudi nyumbani mwenyewe. Sijamgusa."

Njiti alipozunguka tena, midomo ilikuwa imemkauka na kichwa kimeanza kuyumba. Nilikimbia mbele nimpite Shemeji ili nimfikie Njiti kwanza. Nikapata kusema "Tu—", na kitu kikanipiga nyuma ya sikio.

Ilikuwa reki ya kusawazishia mchanga. Alikuwa ameichukua pale shimoni. Pigo la kwanza lilikuwa la mpini. Nilianguka ndani ya mchanga, nikageuka, nikaona la pili likija na upande wa meno. Niliinua mkono mbovu, kwa sababu ndio uliokuwa huru. Meno ya reki yalipita katikati ya vile vidole, yakachana kiganja, yakaingia begani. Akavuta. Sijui kusimulia maumivu. Nitasema tu kwamba niliona rangi nyeupe, na ndani yake nilisikia kengele.

Kengele ya mzunguko wa mwisho. Nikahesabu kama ninavyohesabu siku zote: sasa anapita mstari, anaingia kona ya kwanza, atafika kwangu baada ya nusu mzunguko. Nilikuwa na muda huo tu wa kusimama. Shemeji alinikanyaga shingoni akausukuma uso wangu mchangani. Mchanga uliingia puani, mdomoni, machoni. Alikuwa akisema jambo kuhusu mama yake. Nilipapasa, nikapata mguu wake, nikauma juu ya kifundo mpaka meno yangu yakakutana na mshipa. Akapiga ukelele, akainua reki.

Haikushuka. Gunia alikuwa amefika.

Alikuja mbio kutoka uwanja wa tufe, mama yule mzito, na akamwingia kwa bega kama gunia linalodondoka kutoka juu ya lori. Nilisikia mbavu. Wakaanguka wote wawili nje ya shimo. Shemeji alimpiga mpini usoni, pua ikafunguka, damu ikamwagika juu ya fulana ya klabu, naye Gunia hakuonekana kutambua. Alimkamata koo kwa mkono mmoja na nywele kwa mwingine, akamburuta kumrudisha mchangani, akaushindilia uso wake humo.

"Onja!" alikuwa akisema. "Onja, Shemeji! Shangazi ameonja, na wewe onja!"

Warusha mkuki wawili wakaja, nao ni wanawake. Mmoja akaukalia mgongo wa Shemeji. Mwingine akasimama juu ya mkono wake na viatu vya misumari, akageuza kisigino.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya njia. Njiti alikuwa anakuja. Mmoja alikuwa amekwisha kumpita, na wa pili alikuwa begani kwake. Akatuona. Akaona damu, akaona reki, akalitambua shati la mumewe lililolala mchangani. Hatua zake zikakatika. Akaanza kutoka kwenye njia, kuja kwetu, mikono mbele kama anayekwenda kuomba radhi.

Nilitema mchanga na jino. Nilifungua mdomo kusema "Sasa", nikaona haifai. Neno lile lilikuwa limeshatumiwa, limechafuka. Na "Tulia" lingemfanya asimame. Nilikuwa nimemtengenezea maneno mawili tu, na yote mawili yalikuwa hayapo.

"Usirudi!" nikapiga kelele. "Usirudi! Usirudi!"

Sauti yangu si kubwa. Miaka yote nilisema kwa sauti ya kawaida kwa kuwa alikuwa akipita karibu. Sijui ilitoka wapi ile. Njiti alinitazama machoni, uso wake ukakunjamana kama wa mtoto anayetaka kulia, kisha akageuza kichwa na kuingia konani.

Sikumtazama tena, kwa sababu nyuma yangu mchangani miguu ya Shemeji ilikuwa inapiga polepole. Mtu anayepigana hapigi hivyo. Kuku aliyechinjwa hupiga hivyo.

"Gunia, anakufa," nilisema.

Hakunisikia. Macho yake yalikuwa yamefunguka wazi na hayatazami kitu. Damu ya pua ilimchuruzika kidevuni ikadondoka juu ya kisogo cha yule bwana. Nikamvuta bega, heri ningevuta ukuta. Nilimwita kwa jina lake, lile la kweli. Wale warusha mkuki walikuwa wakipiga kelele za namna moja, kama watu wanaosukuma gari.

Niseme nilichowaza, kwani niliulizwa baadaye na polisi. Sikumhurumia. Niliwaza kwamba akifa hapa, Njiti atarudishwa kumzika. Atakalishwa katika nyumba ile ile, na ndugu zake yule bwana wamemzunguka, na basi litakuwa limeondoka. Na huyu mpakuzi wa magunia mwenye watoto wanne atafungwa.

Nilichomoa pini moja kwenye kola yangu, nikaifungua kwa meno, nikaizamisha yote katika msuli wa mkono wa Gunia.

Akapiga yowe, akaachia. Nikaushika ukosi wa Shemeji kwa kushoto, nikauvuta uso wake nje. Ulikuwa wa buluu. Nikaingiza vidole viwili kinywani mwake nikatoa mchanga, nikaingiza tena. Aliniuma. Basi nikajua yuko hai.

Jukwaani watu walikuwa wamesimama, nusu wanatutazama sisi, nusu wanatazama mstari. Kelele ya upande wa mstari ilipanda ghafla, ikapasuka. Sikuweza kuona. Mchanga ulikuwa umejaa machoni.

"Nani?" niliuliza. "Nani wa pili?"

Gunia alikuwa amekaa chini anaitazama ile pini mkononi mwake kama mtu aliyeamka. Walinzi walikuja mbio sasa, wanne, na virungu, wakampiga Shemeji kidogo ingawa alikuwa amelala, kisha wakampiga pingu.

Nilipanguza macho kwa mkono wa jaketi. Mtu alikuwa amesimama mbele yangu, kimya, mikono chini. Magoti yake yote mawili yalikuwa yamechunika hadi nyama nyekundu, na kiwiko, na bega. Namba ilikuwa bado kifuani, imechanika pembe moja.

"Nilijirusha," Njiti alisema. "Kwenye mstari. Yule wa begani alikuwa amenipita tayari. Nikajirusha."

"Ukawa wa ngapi?"

"Nifungue, Shangazi."

"Wa ngapi?"

"Wa pili. Wameangalia picha. Ni bega hili." Akaligusa, vidole vikarudi na damu.

Niliinua mkono wa kulia kufungua pini kwa mazoea, na wote wawili tukautazama. Haukuwa mkono wa kufungulia kitu. Njiti akaanza kulia hapo, bila sauti. Akajifungua mwenyewe, pini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa imeng'oka. Akavua kitambaa kichwani, pale nywele ziliponyofolewa, akaulaza mkono wangu ndani yake, akakizungusha shingoni mwangu na kukibana kwa zile pini tatu. Alifanya polepole, na hakunichoma hata mara moja.

Shemeji walikuwa wanamnyanyua. Mdomo wake ulikuwa mchanga na damu.

"Mke wangu," alisema. "Twende nyumbani. Yamekwisha."

Niliona mabega ya Njiti yakisikia. Niliona mguu wake mmoja ukisogea, kweli ukisogea, upande ule. Gunia akafungua mdomo, nikamkataza kwa jicho. Neno langu nilikuwa nimeshasema.

Ule mguu ukasimama.

"Nguo zangu ziko kwenye kochi bado?" aliniuliza, bila kugeuka.

"Amezipasua zote."

"Zote?"

"Na makochi."

Akatikisa kichwa. "Maskini makochi yako," alisema, na ndani ya kile kilio akacheka, na safari hii kucheka hakukumuuma. "Basi liko geti lipi, Shangazi?"

"La kaskazini. La rangi ya kijani. Kunywa maji kwanza."

Akanywa, akanirudishia chupa. Alichechemea kukatiza uwanja na viatu vyake vya misumari, hajavivua, kila hatua ikiacha vitobo kwenye nyasi.

Gunia alifungiwa mashindano mwaka mzima, na ile pini anayo, anasema nitailipia. Shemeji alihukumiwa kwa mkono wangu, si kwa ubavu wa Njiti, maana ubavu haukuwa na shahidi. Vidole viwili havikunjiki. Nashona kwa kushoto sasa, mishono inakwenda upande, na wateja wengine wanadhani ndiyo mtindo.

Kona yangu bado ni ile ile. Nina msichana mpya wa mita elfu tatu. Maneno yake nimeyabadilisha, na sijamwambia mtu mwingine yeyote ni yapi.